Mlango wa Babu Kule Kanani

Nikinusa mianzi mibichi, hata leo, narudi msimu ule wa mvua tulipohamia kijiji cha Ujamaa, upande wa Nkunga. Kila familia ilikuwa ikijenga. Wanaume wakifunga mianzi, akina mama wakikandika kuta, na sisi watoto tukichafuka tope mpaka masikioni kwa raha zetu. Jumapili mwinjilisti alituhubiria kwamba tumetoka Misri, hii ndiyo Kanani. Nilikuwa na miaka minane, nikaamini kabisa, ingawa maziwa na ndizi tulikuwa tumeviacha hukohuko Misri.

Mama peke yake hakufurahi. Nyumba zilipangwa mistari miwili, milango ikitazamana, na nyumba ya Babu, baba yake Baba, ikaangukia mkabala na yetu. Kwetu Wanyakyusa wakati ule, mwanamke hakumtazama baba mkwe wake wala kukutana naye njiani. Akisikia kikohozi chake tu, alijificha migombani. Hapa migomba haikuwepo. Mama akifungua mlango, Babu huyu hapa, barazani, akipiga soga na wapita njia. Basi Mama yangu, ambaye akicheka majirani wote walijua, akawa mfungwa. Maji tulichota sisi, na kanisani hakwenda majuma matatu. Siku moja nilimkuta anajifuta machozi kwa khanga. Jamani, niliichukia Kanani!

Nikavuka barabara kwa hasira. "Babu, Mama anashinda ndani kwa sababu yako."

Babu hakunigombeza. Alinishika kichwa tu. Kesho yake asubuhi alitoboa ukuta wa nyuma, akaweka mlango unaoelekea bondeni, kisha ule wa mbele akauziba kwa mianzi na tope. Katibu wa kijiji akaja juu: "Mzee, unaharibu mstari! Milango yote itazame barabara!"

"Mwanangu, barabara nimekwisha kuiona," Babu alijibu, mikono imejaa tope. "Mwache mkwe wangu apite."

Mchana ule Mama alitoka na ndoo, akapita katikati ya barabara taratibu kama bibi harusi. Babu, aliyependa soga kuliko chakula, alikaa nyuma ya nyumba miaka yote iliyombakia.

Siku hizi nasali Tukuyu mjini, na wahubiri wakitaja nchi ya ahadi wanamaanisha kiwanja, gari na kazi nzuri. Siwabishii, hata mimi kiwanja nakitaka. Na mkwe wangu, mke wa mwanangu, tunakula naye meza moja, tunataniana, wala sitamani mwiko ule urudi. Ila sijaona bado anayeiacha baraza yake ili mwenzake apite. Juzi nilimuuliza Mama, sasa kikongwe, kama yeye aliwahi kufika Kanani. Akaniambia jambo nisilolijua: siku ya kumzika Babu, aliomba aachwe naye peke yake, akamfunua uso, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Nikamwambia, 'Ndaga, Baba. Asante kwa kunipisha.'"