Mashati Kumi na Maji ya Wali

Mwaka 1996, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba alikufa na shida ikaingia kwetu bila kupiga hodi. Chumba chetu cha uani kule Randburg kilinuka nguo mbichi na chuma cha moto, maana mama alipiga pasi nguo za nyumba kubwa ya mbele kutwa nzima. Baba alikuwa mtu wa huku Afrika Kusini, aliyekimbia siasa akaishi Morogoro miaka mingi, akamwoa mama, wakanizaa. Uhuru wa huku ulipopatikana akaturudisha kwao akiimba, kisha akatuacha. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne kwa Kiswahili, nikatupwa kwenye shule ya Kiingereza, nikawa nakaa darasani kama gogo. Nasema ukweli, sipambi.

Rafiki mmoja wa marehemu ndiye aliyetuletea habari ya chuo cha kijeshi kilichokuwa mbele ya Midrand. Kila Desemba, ambao huku ni mwezi wa joto, chuo kiliwaita watoto waliotaka kusoma pale, kikawaweka wiki tatu na kuwapima mbio, karatasi na nidhamu. Waliofaulu walisomeshwa bure mpaka mwisho, kula na kulala juu ya chuo. Mama alikuwa ameshaniambia wazi kwamba Januari naacha shule, hana njia nyingine. Aliposikia habari ile akanitazama, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikajua wa kuinama ni mimi.

Bwenini kwetu tulikuwa kumi. Nakumbuka harufu ya dawa ya viatu na majani yaliyokatwa, na filimbi iliyotutoa kitandani kabla jua halijafikiria kutoka. Mbio niliziweza, maana njaa ilikuwa imeshanifundisha kukimbia. Karatasi ya Kiingereza ilinishinda mchana kweupe. Niliandika jina langu vizuri, yaliyobaki nikamwachia Mungu. Kwa hiyo nikajua kilichobaki kuniokoa ni nidhamu, na nidhamu pale ilikuwa kitanda, viatu na shati. Kwenye shati nilikuwa na mwalimu bora kuliko wao wote. Siku ya kwanza nilipojaza maji mdomoni nikayapuliza juu ya kitambaa kama mama, Themba, kijana wa Soweto mwenye mdomo kuliko ile filimbi, akawaita wenzake waje waone kwerekwere, yaani mgeni wa kuja, anavyotemea nguo za serikali. Walicheka mpaka wakakaa chini. Wiki ya pili mkunjo wa mkono wa shati langu ungeweza kukata mkate, na Themba mwenyewe akaja na shati lake nimpigie pasi. Chema chajiuza.

Gwaride la mwisho lilikuwa Jumamosi, mbele ya mkuu wa chuo na wazazi, na bweni ambalo lingeboronga lingepoteza alama zote za nidhamu. Ijumaa mchana nikaamua kuwatendea wenzangu kama mama alivyonitendea mimi siku ya sikukuu: kulitia shati maji ya wali, likauke, kisha pasi, lisimame lenyewe. Nikaenda jikoni. Mama mpishi alikuwa anamwaga maji ya sufuria kubwa ya wali wa wageni, akanijazia ndoo bila maneno mengi. Yalikuwa ya njano. Nikasema moyoni, hii ni manjano tu, na mashati yetu ni ya kaki, nani ataona? Nikayachovya mashati yote kumi. Sikujua kwamba watu wa huku, wali wao wa njano wanautia sukari na zabibu. Kwetu wali ni chumvi, na ni nani angewaza kuuliza?

Asubuhi tulitoka kama askari waliochongwa kwa mbao. Mama alikuwa pale kwenye mstari wa wazazi, na kitenge chake cha msiba. Tukasimama wima juani, jasho likaanza kutoka, kola zikaanza kunata. Kisha sisimizi wakapanda. Themba alikuwa wa kwanza kutikisa bega, wa pili akajikunyata, na muda si muda mstari mzima ulikuwa unacheza ngoma isiyo na mpigaji. Wazazi wakaangua kicheko. Sajini wetu, mtu mrefu asiyepaza sauti, akapita nyuma yetu akigusa kola moja moja, akanusa vidole.

"Nani kayafanya haya mashati?"

Ningeweza kunyamaza, tukazama kumi. Nikapiga hatua moja mbele. "Mimi, Sajini. Wenzangu hawakujua."

Alama zilikatwa kwangu peke yangu. Majina ya waliochaguliwa yaliposomwa, la Themba lilikuwamo, langu halikuwamo. Themba akaja akanishika mkono, akaniambia, huku anajikuna, kwamba hajawahi kupendeza na kuteseka siku moja. Mama hakunigombeza.

"Uliuliza kilichomo kwenye sufuria?"

"Sikuuliza, mama."

"Basi umeshasoma, baba. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Tulikuwa tumefika langoni Sajini alipotufuata. Akashika kola yangu tena, akamwambia mama, "Kijana wako na karatasi hawapatani. Lakini pasi kama hii sijapata kuiona. Jumatatu nitawaletea nyumbani mashati yangu sita." Kisha akanigeukia mimi. "Bila sukari."

Akaja Jumatatu, na wiki iliyofuata akaja na maafisa wawili. Januari sikurudi shule. Nilisimama mezani upande wa pili wa mama, na hapo ndipo nilipokulia. Siku hizi watu wanavaa nguo zisizohitaji pasi, na wanangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kizulu. Ukiwaambia habari ya kupuliza maji kwa mdomo wanasema eish, baba, hiyo ni uchafu. Sawa. Uchafu huo ndio uliowalea. Leo nina maduka mawili ya dobi, moja Randburg na jingine Braamfontein. Nina mashine tisa, gari moja la kupelekea nguo, na wafanyakazi kumi na mmoja wanaoniita mzee. Nina nyumba ya vyumba vitatu Midrand, hati kwa jina langu. Ukutani ofisini, mahali wenzangu wanapotundika vyeti vyao, nimetundika leseni ya biashara.