Veneranda Amwezekea Pamba

Amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa ilipofika, mwaka wa sabini na tatu, kila mtu kule milimani alijua atabeba nini: jembe, chungu, mbegu za maharage, watoto. Veneranda alikuwa na sungura. Mweupe pe, jina lake Pamba, na wala hakuwa wa kuliwa. Basi wacha watu wacheke!

Wacheke wanavyotaka, mama yule alikuwa mtu na nusu. Majani ya viazi hakumpa Pamba na umande wake. Aliyaanika kwanza yanyauke, yasije yakamvimbisha tumbo. Banda alilifagia kabla ya uwanja wake mwenyewe. Miguu ya banda aliisimamisha kwenye makopo ya majivu, siafu wasipande. Hata alipougua homa alijikongoja kwenda kumpa maji.

Lori lilipokuja, utingo alitaka sungura arushwe juu ya magunia, juani. Veneranda akakataa katakata: jua lile na mtikisiko ule vingemuua kabla ya kufika Kidahwe, kwenye kijiji kipya. Mumewe, Bonaventura, aliona haya mbele za watu, akamshauri amchinje tu wapate kitoweo. Mkewe akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemfungia mnyama huyo asiweze kujitafutia, kwa hiyo hawezi kumtupa siku ya shida. Akamtia kikapuni, akafunika kwa kanga mbichi, akajitwika na kushika njia kwa miguu, mumewe nyuma. Kutwa nzima, jamani! Kila penye kivuli anatua, anachungulia, anamnywesha.

Alifika magharibi, miguu imevimba. Pamba alikuwa akihema haraka haraka, lakini mzima. Viwanja vizuri vya kando ya barabara vilikuwa vimekwisha. Wao wakapewa cha mwisho, kule chini kwenye tope. Bonaventura alinuna, na nani atamlaumu?

Kesho yake mawingu yakatanda kutoka ziwani. Nyumba hawana, na nyasi walizokata ni chache. Bonaventura akamkuta mkewe anazitumia kuezeka banda jipya la sungura.

"Na sisi je, Mama Agnesi?" akauliza. Agnesi, binti yao, alikwisha kuolewa Kagunga. Walibaki wawili tu.

"Sisi tukilowa tutasema," Veneranda akajibu. "Huyu ataugua kimya."

Bonaventura akashika upande wa pili wa paa, akaanza kufunga kamba, na mvua ikawanyea wote wawili mpaka wakamaliza.