Walivyowalilia Wasichana wa Kitabuni

Rasta zikichovywa kwenye maji ya moto hutoa harufu ya plastiki inayotaka kuungua, na katika baridi ya Johannesburg harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa hita ya mafuta ya taa mpaka sare zangu za shule zikanuka saluni. Saluni yenyewe ilikuwa sebule yetu. Tuliishi Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao, kila mlango familia yake, na mama alikuwa amebahatika kupata chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Hapo aliweka kioo, viti viwili vya kusukia na kochi la kungojea. Kiti kimoja kilikuwa chake, cha pili cha Tanti Fides, Mrundi mwenzetu aliyeishi chumba cha nyuma pamoja na Odile, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akisafisha maofisi. Sote tuliwaita madada wawili. Mwaka ulikuwa 2011, mimi nina miaka kumi na miwili, na kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kusoma.

Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza cha wengi waliokaa pale kilikuwa cha sokoni na kliniki. Basi nilisoma ukurasa kimyakimya, kisha nikawasimulia kwa Kiswahili, nao wakanisahihisha Kiswahili changu huku wakinihimiza niendelee. Kichwa cha rasta ndogondogo kinakula siku nzima, na televisheni yetu ilikuwa imekufa. Vitabu alivileta Mama Kimani, Mkenya aliyefanya kazi benki, mteja wetu pekee mwenye gari. Alivinunua vikiwa vipya kabisa, akavimaliza, akanipa. "Soma, Kaneza," aliniambia. "Siku hizi hata sisi tumo ndani." Na kweli tulikuwamo: Waafrika, wakimbizi, watu wa kila namna. Nimesoma wahakiki wengi tangu hapo, lakini sijaona wenye ulimi mkali kama wanawake wale.

Vitabu vya kutisha viliwachekesha. Mwandishi angejenga jumba kubwa kwenye kilima, mlango ujifungue wenyewe, mzimu ulie darini, na mama angesimamisha kitana hewani na kuuliza, "Vyumba vyote hivyo na wanakaa watu wawili? Huo mzimu si utafute wapangaji!" Tanti Fides ndiye aliyevipenda. Alitaka niigize sauti, nizime taa, kisha yeye mwenyewe apige kelele kuliko wote. Kimoja tu kiliwanyamazisha, kile cha familia ya wageni waliogongewa mlango na majirani zao, taratibu, wakiitwa kwa majina. Mwaka 2008, wageni walipofukuzwa mitaani, sisi tulitolewa Jeppestown vivyo hivyo, na watu tuliokuwa tunasalimiana nao kila asubuhi, mama akiwa na godoro kichwani nami nimekumbatia sufuria. "Funga hicho," mama alisema. "Tuletee cha mapenzi."

Vya mapenzi ndivyo vilivyokuwa chakula chetu, ingawa hawakumeza kila walichopewa. Tajiri mwenye kifua kipana aliyeshinda akipanda farasi waliambiana kwamba ni tapeli, maana hakuna aliyemwona akienda kazini hata siku moja. Daktari wa Lagos aliyempikia mpenzi wake pilipili na samaki walimgombania. "Huyo hata akiwa na mke tayari, mimi naenda," alisema Mama Zuhura, Mtanzania wa jirani, na kochi zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka bila kuelewa nusu ya mambo, nikijiona mtu mkubwa.

Katikati ya baridi Mama Kimani akaleta kitabu cha wasichana wawili waliopendana. Nilipofika pale wanapobusiana nilisita, nikamtazama mama. Mama akamtazama Mama Kimani. Naye, akiwa amekaa kwenye kiti cha Tanti Fides, kichwa kimeinamishwa, akasema, "Simulia tu, mtoto. Ni mapenzi kama mapenzi mengine." Basi nikasimulia, Jumamosi baada ya Jumamosi. Walianza kwa kuguna, wakaishia kunisubiri mlangoni. Baba wa mmoja alipomchukua bintiye usiku na kumpeleka kwa ndugu wa mbali, Mama Zuhura alimtukana baba yule matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama yangu alilia, akajifuta kwa kitenge. Mama Kimani, aliyekuwa ameshakisoma na kuujua mwisho wake, alilia pia. Wanawake wale walikuwa upande wa wasichana kwa moyo wao wote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu hawakuwa wakijifanya.

Jumamosi ya mwisho wasichana wakakutana tena kwenye kituo cha basi, wakashikana mikono mbele za watu. Saluni ikapiga vigelegele. Mama Zuhura akasimama akacheza. Ndipo Tanti Fides, mikono yake bado imo kwenye nywele za Mama Kimani, akasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Basi na mimi niwaambieni. Odile si dada yangu. Ni mpenzi wangu, tangu kambi ya wakimbizi. Nilikuwa naogopa, lakini sasa nimewasikia ninyi wenyewe." Alitabasamu. Alikuwa amewasikiliza majira yote ya baridi na kuamini kila chozi.

Mama Kimani aliinuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama timtim, akavuka chumba na kwenda kukaa kwenye kiti cha mama. "Mama Kaneza, nimalizie wewe," alisema. Tanti Fides akabaki ameshika rasta mkononi. "Lakini mama, si ulisema ni mapenzi kama mengine?" Mama Kimani akamjibu bila kumtazama, "Kitabu ni kitabu. Hapa kuna watoto." Mtoto aliyekuwapo ni mimi, niliyewasomea mabusu yote yale. Mama yangu akachukua kitana, akaendelea pale mwenzake alipoachia.

Wiki iliyofuata wateja hawakuja. Walipiga simu kuuliza kama "yule" bado yupo. Mama alivumilia kidogo, kidogo sana, kisha akamwita Tanti Fides jikoni. "Mdogo wangu, najua utanielewa," alisema. "Sikuelewi, dada," Tanti Fides alijibu. "Ungekuwa mtu mwingine ningekuelewa. Wewe ulitolewa kwako na majirani. Wewe sikuelewi kabisa." Mama akalia tena. Alikuwa mwepesi wa machozi, mama yangu, Mungu amrehemu, na siku hiyo niliyachukia.

Tanti Fides na Odile walifunga vitu vyao kwenye mifuko ya miraba wakaondoka siku ileile. Niliwasindikiza mpaka kwenye robot, ndivyo tulivyoita taa za barabarani, na taa ilipokuwa nyekundu Tanti Fides akaniuliza wale wasichana ilikuwaje baada ya kituo cha basi. Nikamwambia kitabu kimeishia hapo. "Eish," alisema. "Wamekikatia pale pazuri." Halafu taa ikabadilika wakavuka. Tulisikia baadaye kwamba wako Rosettenville, kisha hatukusikia tena.

Watu niliowahi kuwasimulia haya huniuliza kama najilaumu. Thubutu! Mimi sikumfukuza mtu. Lakini nimekuwa msomaji mwenye kinyongo. Siku hizi maduka yamejaa vitabu vya kila rangi na kila namna ya kupenda, vingine vizuri mno, navinunua, na kila mara nikifika mwisho nauliza swali la Tanti Fides, ilikuwaje baada ya hapo, na kuongeza langu: nani atawapangisha chumba? Na wale wanaoniambia kwamba vitabu hulainisha mioyo nawaacha waseme. Nimeiona mioyo iliyolainika. Nilikaa nayo majira mazima ya baridi, ikilowa kila Jumamosi.

Mwezi uliopita Mama Kimani alinialika nyumbani kwake, kwenye kikundi chake cha kusoma. Amezeeka vizuri, ana sebule yenye rafu hadi darini. Walikuwa wakijadili riwaya mpya ya wanawake wawili, na alipokuwa akisoma kipande alichokipenda sauti ikamkatika, wenzake wakampa tishu. "Tumetoka mbali," aliwaambia. Nikamuuliza kama anamkumbuka Fides. Uso ukamng'aa. "Yule msusi! Jamani, mkono mwepesi ule, sijapata kusukwa vile tena. Alienda wapi yule msichana?"

"Mlimfukuza," nilimwambia.

Aliikunja ile tishu mkononi. Kisha mmoja wa wenzake akakohoa, akauliza mwezi ujao tunasoma nini.