Meza Yenye Jiko Katikati

Mgahawa wa yule mama Mkorea uko Same mjini, ng'ambo ya barabara kuu ukitokea stendi, kwenye nyumba ya kupanga ambayo zamani ilikuwa duka la vifaa vya ujenzi. Watu wote wanapaita kwa Mchina. Mwanzoni alikuwa anawasahihisha, siku hizi amechoka. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya tangawizi. Naitoa kwetu Mamba, milimani, naishusha mjini, na katika wateja wangu wote yeye peke yake ndiye ananusa kila kipande kabla hajakikubali, mpaka unasimama pale unaona aibu kama vile ananusa kwapa lako.

Humo ndani kila meza ina tundu katikati, na ndani ya tundu wanaweka karai la mkaa na wavu juu yake. Nyama inaletwa mbichi, imekatwa vipande vyembamba na kulowekwa kwenye soya, sukari, vitunguu swaumu na hiyo tangawizi yangu. Mnachoma wenyewe. Mara ya kwanza nilisema makubwa haya, yaani nitoke kwangu, nilipe, halafu nipike mimi? Lakini nilirudi. Baada ya msiba wa mama nilirudi mara nyingi, nikawa naagiza chai tu na kuangalia makaa. Pale hakuna aliyekuwa ananipa pole.

Niseme mapema hali yangu ilikuwaje. Watu wanadhani nilikuwa na huzuni, na mimi huzuni sikuiona. Nilikuwa na ganzi. Siku ya mazishi nilihangaika na turubai, na sufuria za usharika, na gari la kuwarudisha wageni, na nilipomaliza hayo yote nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikasubiri kulia. Hakuna kilichokuja. Shangazi zangu walinikodolea macho, wakanong'ona. Nikawaacha wanong'one. Chakula nacho kilipoteza ladha, ukinipa wali au ukinipa unga mbichi ilikuwa sawasawa, kwa hiyo nikawa nakunywa chai na kusema nimeshakula.

Tatizo lililoonekana lilikuwa la baba. Baba aliacha kula.

Kwetu chakula kilikuwa na utaratibu wake. Baba alikula sebuleni, peke yake au na mgeni. Mama alimletea maji ya kunawa, akamletea sahani, na kama kuna nyama imechinjwa, maini yalikuwa ya baba, hakuna mjadala. Akishamaliza, mama aliondoa vyombo na kurudi jikoni, ndipo yeye akala. Nimekulia humo, sikuwahi kuona ajabu yoyote. Baba hakuwa mlaji mkubwa. Hata mbele ya nyama aliyokuwa anaipenda, sahani yake ilirudi jikoni ikiwa na kitu.

Alipofariki mama, mke wa mdogo wangu ndiye aliyeshika jiko. Wifi yangu ni mtu mwema na ana kelele. Siku za mwanzo baba alikula nusu, akasukuma sahani. Wifi akaona mzee anakwisha. Akaanza kusimama juu yake. Maliza baba, kidogo hicho baba, usituangushe baba. Na mimi nikipanda nyumbani nilishika zamu hiyo hiyo, maana mimi ni mkali kuliko wifi. Tulimpunguzia chakula ili amalize, hakumaliza. Kilichobaki tulimpa mbwa. Ikafika mahali akawa hagusi kabisa. Anakunywa uji nusu kikombe asubuhi, basi. Tulimpikia makande kama ya mama, na maharage mabichi na kila kitu, akayaangalia kwa heshima, akashukuru, akageuka kutazama nje. Suruali yake ikawa inashikiliwa na kamba.

Nikamteremsha Same kwa daktari. Tulipanda mbele kwenye gari lililobeba magunia yangu, tukashuka milima, tukapita kijiji cha Kisiwani ambako ng'ombe walikuwa wamelala barabarani na dereva akapiga honi mpaka akakata tamaa. Baba alizoea kuwasifia ng'ombe wale kila tulipopita, huyu mzuri, yule ana mimba. Siku hiyo hakugeuza hata kichwa.

Daktari alipima kila kitu, hakuona ugonjwa. Alinivuta pembeni akaniambia mzee amepungua vibaya, na kama mpaka kliniki ijayo hajaanza kula, watamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani, na kwa umri wake hawezi kuniahidi kwamba atatoka. Nilimwitikia. Nilisikia kila neno, na ndani yangu halikugusa kitu. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba nimeambiwa baba yangu anakufa na mimi nawaza kama dereva ameshusha magunia.

Nikampeleka kwanza kwenye nyama choma ya pale karibu na stendi, kwa sababu ujanani alikuwa akishuka na mbuzi wa kuuza lazima apite hapo. Mchomaji alitukatia mbavu kwenye ubao, akaweka chumvi, pilipili na ndizi za kuchoma. Mzee alinawa mikono. Akakaa na mikono iliyonawa, juu ya magoti, mpaka ikakauka. Nikamwambia kula baba, akasema ameshiba. Nikamuuliza ameshiba nini, na sauti yangu ilikuwa mbaya, watu wa meza ya pili waligeuka. Nikafungiwa ile nyama kwenye gazeti, na mpaka leo sijui niliisahau wapi.

Kwa mama Mkorea tuliingia kukwepa jua tu. Gari letu la kurudi lilikuwa la jioni. Yule mama alipomwona baba aliweka chini kitambaa chake, akainama, akamwamkia shikamoo. Yeye anamwamkia kila mtu shikamoo, hata vijana wa bodaboda, nao wanaitikia marahaba bila haya. Lakini kwa baba aliinama zaidi. Baba akaitikia vizuri, na nilishangaa kusikia sauti yake.

Sikuagiza nyama. Aliileta mwenyewe, pamoja na majani ya saladi na visahani vingi vidogo, na ile kabichi yao ya pilipili iliyochachuka. Akawasha, akapanga nyama kwenye wavu, akazikata kwa mkasi zikiwa motoni. Baba aliuangalia ule mkasi sana. Kisha yule mama akachukua kipande cha kwanza, akakiweka mbele ya baba kwa mikono miwili, akasimama. Nikamnong'oneza kwamba mzee huyu hali, asihangaike, aende tu. Hakwenda. Kwao mkubwa ndiye anaanza, na asipoanza hakuna anayegusa kitu, na mwenyeji haondoki. Alisimama pale mikono ameikunja mbele, kama mhudumu wa kanisa anayesubiri sadaka.

Baba ni mtu wa adabu kuliko kitu kingine chochote. Kumwacha mwanamke mgeni asimame kwa ajili yake kulimshinda. Akachukua kile kipande, akakitia mdomoni. Akatafuna polepole. Mama Mkorea akainama tena, akaenda zake.

Nikaanza kuchoma. Nilikuwa nageuza nyama kwa koleo na kumwekea, kimoja kimoja, bila kumtazama, kama unavyomtegea kuku mtama. Akala. Kipande, kikafuata kingine. Alijaribu mpaka ile kabichi, akakunja uso, akanywa maji. Moyo wangu ulitakiwa kufurahi, nikausubiri, haukufurahi.

Halafu akaacha. Alisukuma sahani kidogo mbele, kama sebuleni kwetu. Nikaitazama. Kulikuwa na vipande amevitenga pembeni, na nikaona alivyochagua: ni vile vyenye mafuta, vilivyoiva vizuri bila kuungua. Vikavu ndivyo alivyokula yeye. Hasira ikanipanda, ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinanipanda siku hizo. Tumefika hapa, amebakiza kidogo tu, na anaanza tena.

"Maliza, baba."

Akanitazama kwa kunishangaa, kama vile nimekosa malezi.

"Sasa nikimaliza," akasema, "mama yenu atakula nini?"

Alisikia alichosema baada ya kukisema. Nilimwona akisikia. Alishusha macho kwenye makaa na mkono wake ukabaki pale pale kwenye ukingo wa sahani.

Nyama iliyokuwa kwenye wavu ikaanza kuungua, hakuna aliyeigusa. Nilikuwa namwona mama jikoni, juu ya kigoda, mgongo ukutani, na sahani ya baba mapajani. Maini yale. Miaka yote nilijua kwamba maini ni ya baba, na miaka yote nilimwona mama akiyala, na sikuwahi kuyaweka hayo mawili pamoja. Baba hakuwa akishindwa kula. Alikuwa anampelekea mama. Na sisi tuliposimama juu yake tukimwambia amalize, tulikuwa tunamtaka amnyime mkewe chakula, na kile alichomtengea kwa mkono wake tulikimwaga kwa mbwa, yeye akiwa anaona dirishani.

Nilitaka kumwomba radhi. Hata machozi ya kunisaidia sikuwa nayo.

Baba ndiye aliyesema tena, akiwa bado anatazama moto. Alisema taratibu, bila kulaumu.

"Na wewe hujala. Toka tumzike sijakuona ukila."

Nilifungua mdomo niseme nimekunywa chai. Nikaufunga. Niliivuta ile sahani kwangu, kwa mkono wa kulia, nikaiweka mbele yangu, nikachukua kipande chenye mafuta. Nilikuwa nasubiri ladha ya unga mbichi. Kilichokuja ni tangawizi. Ilinichoma ulimi, ikapanda puani, kali, ya kwetu kabisa, ya shamba la mama. Nikatafuna. Nikachukua kingine. Sikulia, siwezi kudanganya hapa, ila nyama iliniangukia mezani, nikaiokota nikala.

Baba alinitazama mpaka nikamaliza sahani yote. Ndipo akachukua koleo, yeye ambaye hajawahi kunigeuzia hata hindi la kuchoma, akaviondoa vile vilivyoungua, akaweka vipande vibichi juu ya wavu, vingi, akavipanga.

"Hivi ni vyangu," akasema. "Nitakubakizia."