Bingwa wa Msako

Wiki ile nilikuwa kwenye majaribio redioni. Siku saba za kusoma habari za Kiswahili, asubuhi na saa sita. Nikifanya vizuri naajiriwa, nikiharibu narudi Ruziba kumsaidia mama kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa naota nasoma hali ya hewa.

Habari zilitufikia kwa Kifaransa, na wa kuzitafsiri nilikuwa mimi, mbiombio, chai ikiwa bado ya moto. Siku ya nne ikaja karatasi ya mwisho, ile ya kuwachangamsha watu: rais wa nchi moja ya Ulaya amempongeza dada aliyechukua dhahabu ya ski, mashindano ya descente. Neno lenyewe ni kushuka tu, lakini hapa Bujumbura likitajwa, hakuna anayeuliza mlima gani. Watu wanajipapasa mifukoni kutafuta kitambulisho, maana descente ni askari kushuka mtaani ghafla. Nikaandika bila kusita: msako. Nilijiambia Wazungu wana mashindano ya kila kitu, kwa nini askari wao nao wasishindane?

Nikasoma kwa madaha: "Rais ampongeza bingwa wa msako, asema ameiletea nchi heshima." Sijui kama nchi yenyewe niliitaja. Walionisikiliza wanasema niliimeza.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mama.

"We mutoto, musako uko wapi? Umefika Kibenga?"

"Musako gani, mama?"

"Si ni weye umesema ku radio! Soko yote imekimbia. Mi niko ku kanisa, beseni nimeiacha huko huko."

Wengi pale sokoni walitoka Kongo kama sisi, na karatasi zao hazikuwa zimekamilika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mkuu wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alifungua kamusi, akaweka kidole kwenye neno, akaningoja nisome hadi mwisho.

"Saa sita utasahihisha," akasema. "Watu wasiporudi sokoni, kesho usije."

Nilichana karatasi tatu. Utamwelezaje muuza samaki wa Ruziba kwamba mtu anafunga mbao miguuni na kujirusha mlimani? Saa sita ilipofika niliiacha karatasi ya nne mezani, nikasema tu yaliyonijia:

"Wapendwa, hakuna msako. Nilikosea mimi. Huyo dada hakumkamata mtu. Ameshuka mlima wenye theluji, ambayo ni kama urubura, ile mvua ya mawe, ila laini, kwa kasi ya wale vijana wanaoshuka na ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama. Yeye hana ndizi, na breki pia hana. Rais wa nchi yake, huko mbali Ulaya, amempa hongera. Rudini mkauze."

Mahali pa breki nilicheka, hewani, kinyume cha taratibu zote. Nikatoka studio nikiwa na hakika nimejimaliza.

Simu ikalia. Mkuu akaibonyeza ili naye asikie.

"Nimerudi ku meza yangu," mama akasema. "Tumerudi wote. Tulisikia unacheka, tukajua ni amani. Lakini uyo dada, rais anamupa hongera juu ya kushuka tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye, hapo ku kazi, kuna mutu amekupa hongera?"

Nilimtazama mkuu. Akatazama dirisha.

"Apana, mama."

Nikamsikia akiweka simu mezani na kuwaambia wenzake kitu ambacho sikukishika. Kisha vikaja vigelegele, vya soko zima, mpaka spika ya simu ikakwaruza. Nililia pale pale mbele ya mkuu, wala sikujificha. Alingoja vigelegele viishe, akanisogezea kamusi.

"Kesho uje nayo," akasema.