Vibuyu vya Bot Joan

Asubuhi hiyo Boito ilikuwa imefunikwa na ukungu, na wachumaji wa majani chai wamevaa sweta juu ya sweta. Wote isipokuwa Tecla. Yeye alikuwa amevua yake akaifunga kiunoni, na jasho linamtiririka shingoni kama mtu aliyetoka mbioni. Lakini mikono haikusimama: majani mawili na chipukizi, kikapuni; majani mawili na chipukizi, kikapuni.

"Bot Joan, sema ukweli," jirani yake Eucabeth alimchokoza, akimwita kama kawaida kwa jina la bintiye. "Miezi mitatu sijakusikia ukilia tumbo la mwezi. Jumamosi binti anaposwa, na wewe unatuletea kitinda mimba?"

"Nikizaa nitamwita Eucabeth, awe mdaku kama wewe!"

Shamba zima likaangua kicheko. Haikuwa mimba. Tecla alikuwa na miaka arobaini na saba, na nesi wa zahanati alishamweleza: homoni zake zilikuwa zinapanda na kushuka kama barabara ya kwenda Sotik. Damu ingekuja ikitaka na kupotea ikitaka, hadi siku moja ikome kabisa. Kabla haijaja, matiti yangeuma, joto lingempanda ghafla, usingizi ungekimbia na hasira ingeingia bila kubisha hodi. Ndiyo maana wiki iliyopita alimfokea mumewe Kipngeno kwa ajili ya gambuti zenye matope zilizoachwa mlangoni, kisha akakaa jikoni akilia, asijue analia nini. Tangu hapo Kipngeno, maskini, alizificha gambuti zake chini ya kitanda.

Yote hayo Tecla aliyavumilia. Kilichomkosesha amani ni mursik. Maziwa yake yaliyogandishwa kibuyuni yalisifika mpaka Roret, na wakwe wa Joan wangekuja Jumamosi wakiyatazamia. Ila kwa mila ya mama mkwe wake, Kogo Rebeccah, mwanamke aliye katika siku zake hagusi maziwa wala kibuyu. Zamani Tecla alizijua siku zake akapanga kazi. Sasa je?

Jumatatu jioni maziwa yalikuwa yamechemshwa yakapoa, vibuyu vitatu vimeoshwa, na mkaa wa mti wa senetwet wa kusugulia vibuyu ndani uko tayari. Tecla alipoinama kuchukua kibuyu cha kwanza, akaihisi damu. Imerudi. Leo!

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Akakitazama kile kibuyu kikubwa, alichopewa na Kogo alipoolewa. Akaficha mikono mgongoni, akamgeukia Kogo aliyeketi pembeni.

"Kogo, siwezi. Imerudi sasa hivi. Siku hizi inakuja vile inataka."

Kogo alimkodolea macho, halafu akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Mimi ilinisumbua miaka minne! Baba mkwe wako nilimrushia mwiko. Lile kovu la paji la uso, wewe ulidhani ni la vitani?"

"Aliniambia ni la vitani!"

"Angesema nini? Na kwa nini ulinificha?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini, mtoto wangu? Unapanda ngazi. Ukifika juu utashika kibuyu siku yoyote, na hakuna wa kukuuliza. Leo kaa kwa stuli, utumie mdomo. Joan! Kuja hapa!"

Basi Joan akashika kazi, na mama yake akawa macho tu na mdomo. "Sugua mkaa polepole, usikwaruze. Na shingoni! Umesahau shingo, hapo ndipo maziwa huharibikia. Haya, sasa mimina." Vidole vya Tecla vilimwasha, lakini havikutoka mapajani.

Jumamosi mvua ilinyesha, wageni wakajikunyata ndani ya makoti. Mzee wa upande wa bwana harusi akanywa, akanyoosha kikombe aongezwe.

"Huu ni mkono wa Bot Joan," akasema. "Hakuna mwingine."

Joto lilikuwa limempanda Tecla tena. Akasimama mbele ya wazee wote, uso unang'aa jasho, anajipepea na sahani.

"Hapana, mzee. Huo ni mkono wa Joan. Mimi mwili wangu unabadilika, sikugusa hata kifuniko. Nilimfundisha, akaweza."

Kigelegele kikapasuka jikoni, na kila mtu alijua sauti hiyo ni ya Kogo. Wanawake wakaipokea. Tecla hakuketi, alibaki amesimama wima, anajipepea.

Kipngeno akainuka bila kuambiwa, akaenda nyuma ya mkewe, akafungua dirisha. Baridi ikaingia na manyunyu yake, na hakuna mgeni aliyethubutu kulalamika.