Eda ya Mtu Aliye Hai

Dada yangu Biubwa anauza vitumbua karibu na soko hapa Palma, na ukipita asubuhi utawasikia watu wazima, wenye mvi zao, wakimwita Mke wa Kapitao. Hivi hivi, mbele ya wajukuu zake! Naye anacheka, anawafungia vitumbua vyao. Mimi nikisikia natamani niwamwagie yale mafuta ya moto. Lakini mwenye haki ya kukasirika ni yeye, si mimi.

Mwaka wa sitini na saba Wareno walikwisha tuhamisha ufukweni, wakatutia kwenye kijiji cha waya. Wenyewe wakikiita aldeamento. Kwenda pwani kuchokoa pweza ilibidi uwe na guia, karatasi ya ruhusa, na mwenye kutoa guia ni Muhamudo, kapitao wetu, waliyemweka atuhesabu kila asubuhi kama mbuzi. Mtu yule alinitia kichefuchefu, wallahi. Alikula na matropa, askari wa Kireno, nyama za makopo, haulizi ni za mnyama gani, kisha huyo anakuja kutuhesabu, midomo inang'aa mafuta, anachokonoa meno kwa ukucha wa kidole kidogo alioufuga kwa kazi hiyo. Na Ijumaa anasimama safu ya mbele!

Baba yetu, Mwinyimadi, akavuka Ruvuma kuwafuata wapiganaji wa uhuru. Mtu akijulikana ametoroka, mkewe na wanawe walichukuliwa, na waliochukuliwa hatukuwaona tena. Basi yeye na mama walikwisha panga mapema. Mtumbwi wake ukakutwa umepinduka mwambani, shati limenasa kwenye upondo, ikatangazwa kwamba amezama. Tukaweka matanga. Mama akaingia eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipaki kitu, anamlilia mtu ambaye yuko ng'ambo ya mto anakula ugali wake. Tuliojua ni watatu tu: mama, Biubwa mwenye miaka kumi na saba, na mimi Tatu, kumi. Hila ilikuwa nzuri. Ila hakuna aliyekumbuka kwamba eda ina mwisho, na ikiisha mjane huposwa.

Muhamudo alikumbuka. Alizihesabu zile siku kuliko mjane mwenyewe. Siku ya kumi na moja ya mwezi wa tano tangu matanga akabisha hodi, kwapani doti ya leso na kopo la samaki wa matropa.

"Bi Zainabo," akamwambia mama, "umelia vya kutosha. Mimi nakuoa."

Mama akasema bado ana majonzi. Akasema ni mgonjwa.

"Mjane hana mvuvi, ana watoto wawili, anakataa posa?" Akauingiza ule ukucha kinywani, akachokoa, akaufuta kwenye jamvi letu la kulia. "Au mume mwenyewe yu hai? Fikiri mpaka kesho, Bi Zainabo."

Alipotoka, mama alifunga mlango. "Nina mume," akanong'ona. "Nikikubali ni zinaa. Nikikataa, wanatuchukua sote." Alirudia maneno hayo jioni nzima, akilia, na Biubwa analisugua lile jamvi kwa majivu na maji. Alilisugua mpaka ukindu ukakatika.

"Mama," akasema baadaye, "chuo cha Kurani tumesoma nini? Mwanamume akishafunga ndoa na binti, mama wa binti huyo ni haramu kwake maisha. Hata wakiachana."

Mama akamtazama. Mimi sikuelewa, mama alielewa. Nilingoja aseme, "Hapana, mwanangu." Mpaka leo nangoja.

Kesho yake Biubwa mwenyewe akafungua mlango. "Mama hana afya ya kuolewa," akamwambia Muhamudo. "Ukitaka kuwa wa nyumba hii, nioe mimi." Lo! Alivyocheka yule mzee! Alicheka mpaka akakohoa. Amekuja kwa mjane, anaondoka na mwali. Nani tena atauliza kama baba yu hai, nyumba iliyompa kapitao binti yao? Ijumaa ile baba mdogo akasimama walii, pilau likapikwa, watu wakala, huku wakisema pembeni kwamba Biubwa ana tamaa ya samaki wa makopo.

Alikaa naye miaka sita. Kila mwezi alituletea guia, tukaenda pwani, tukachokoa pweza, tukala. Hakutuambia lolote la nyumba ile. Akifika kwetu, kwanza alinawa mikono mpaka viwiko.

Sabini na nne vita vikaisha. Muhamudo akakimbia na meli ya Wareno, hakumuaga hata paka. Baba akarudi na ndevu na magwanda, kijiji kizima kikamshangilia: aliyezama kaibuka! Mchana Biubwa akaja na sinia la wali wa nazi na pweza, amelibeba kichwani toka kwake. Akapiga goti, akamwekea baba mbele, akamshikia birika anawe.

Baba akaukunja mkono. "Sili chakula cha mke wa kapitao," akasema. "Mimi nalala porini na njaa, mwanangu analala na msaliti. Ondoka."

Biubwa akamtazama mama. "Mama," akasema taratibu, "eda imekwisha. Mwambie."

Mama akainamisha macho. Aliogopa kuulizwa kama Muhamudo aliwahi kumgusa, nadhani. Akasema, "Nenda, mwanangu, babako amechoka."

Akaenda. Sinia aliliacha. Mama namchukia kwa siku ile, Mungu anisamehe, na baba pia, na wote hao wanaonunua vitumbua. Lakini mimi nilikuwa mkekani pale pale, nina miaka kumi na saba kama yeye alipojitoa, mdomo ninao. Nilijua kila kitu. Nikavuta lile birika, nikanawa, nikala.